Madhara ya Dawa za Jongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ugonjwa wa jongo, ambao kliniki nyingi huuita gauti, hutokana na asidi ya yuriki inayozidi katika damu na hatimaye kuganda kuwa fuwele ndogo zenye ncha ndani ya viungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Dawa zake zipo na nyingi ni za siku nyingi. Kinachowasumbua wagonjwa ni hofu ya dawa zenyewe, na kwa sisi tunaokaa dirishani kwenye duka la dawa, hofu hiyo mara nyingi tunaiona ikielekezwa pasipo. Vidonge vya kushusha asidi huachwa baada ya wiki mbili kwa madai kwamba vinaua figo, ilhali vidonge vya maumivu, ambavyo kweli vinaweza kuziumiza figo, humezwa miaka nenda miaka rudi bila swali lolote.

Majina ya dawa yameandikwa hapa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye paketi yatakuwa kwa tahajia ya Kiingereza. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu.

Je, maudhi na madhara ni kitu kimoja?

Hapana. Wahudumu wa afya huita maudhi yale mambo yanayokera bila kuhatarisha maisha, kama kichefuchefu kidogo au tumbo kulegea kwa siku mbili tatu. Madhara ni yale yanayoumiza mwili kweli, kama damu kuvuja tumboni, ngozi kubabuka au chembe nyeupe za damu kupungua. Maudhi huweza kupunguzwa kwa kumeza dawa baada ya chakula, au kwa daktari kubadili dozi. Madhara hayavumiliwi hata siku moja, na mtu asiambiwe kwamba mwili utazoea.

Kwa nini nimeandikiwa dawa zaidi ya moja kwa ugonjwa mmoja?

Kwa sababu kazi ni mbili. Kolchisini, prednisoloni na vidonge vya jamii ya diklofenaki hutuliza shambulio lililopo, lakini haviipunguzi asidi iliyo mwilini. Alopurinoli, febuksostati na probenesidi huishusha asidi, lakini hazitulizi maumivu ya usiku wa leo. Anayemeza alopurinoli akitarajia uvimbe uwe umeshuka kufikia asubuhi atasema dawa haifanyi kazi, na kumbe hakuelezwa kazi yake.

Nimeanza alopurinoli wiki tatu zilizopita na kidole kimevimba upya. Je, dawa imenidhuru?

Kwa kiasi kikubwa cha uwezekano, dawa imeanza kufanya kazi. Asidi inaposhuka katika damu, fuwele zilizokaa kiungoni kwa miaka huanza kuyeyuka na kumeguka, na kinga ya mwili huzishtukia na kuzishambulia kama adui mgeni. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ya matibabu huweza kuleta mashambulio mengi kuliko kabla ya dawa, jambo linalomkatisha mgonjwa tamaa hasa wakati ambao angepaswa kuvumilia.

Ili kupunguza adha hiyo, alopurinoli huanzishwa kwa dozi ndogo, yaani miligramu 100 kwa siku au chini yake, na kwa mwenye figo dhaifu pengine 50, kisha huongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambazo ni sawa na maikromoli 360 kwa lita. Pamoja nayo, daktari huweza kuandika kolchisini ya dozi ndogo kwa muda wa miezi 3 hadi 6 kama kinga. Ukiandikiwa miligramu 300 tangu siku ya kwanza, bila kinga na bila maelezo, una haki ya kuuliza sababu.

Shambulio likija, litibiwe, na alopurinoli iendelee kumezwa kama kawaida. Mzee mmoja aliwahi kunipangia mezani karatasi tatu za alopurinoli, kila moja ikiwa imetobolewa vidonge vinane au tisa tu, na nyingine ikiwa imeshaanza kufifia maandishi. Kila mara kidole kilipouma aliirudisha dawa kabatini, akapumzika miezi kadhaa, akaanza tena. Alikuwa ameyapitia machungu ya mwanzo mara tatu bila kuufikia unafuu hata mara moja.

Upele ukitokea nikiwa natumia alopurinoli, nifanye nini?

Acha kumeza dawa siku hiyohiyo na uonane na daktari. Hapa hakuna kusubiri, na hili ndilo jambo moja katika ukurasa huu ambalo ningependa msomaji alikariri.

Watu wengi wanaopata upele hupata vipele vya kawaida vinavyowasha na kuisha. Wachache sana, kwa makadirio yanayotumika mara nyingi mtu 1 kati ya 1,000 hivi, hupatwa na mzio mkali unaoanza kama upele na homa, kisha ukaingia kwenye ini, figo na damu. Wengine hutokwa na malengelenge, vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri, na ngozi huchunika kama ya aliyeungua kwa maji ya moto. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, na huua. Mwanzoni mtu hawezi kujua upele wake ni wa kundi lipi, na ndiyo sababu kila upele huchukuliwa kwa uzito. Dalili za kukimbiza hospitali usiku huohuo ni homa inayokuja pamoja na upele, uso kuvimba, macho mekundu yanayouma, vidonda mdomoni, au ngozi inayouma ikiguswa.

Hatari hii hukaa zaidi katika wiki 8 za mwanzo. Aliyetumia alopurinoli miaka mitano bila tatizo hana sababu ya kulala macho kwa ajili yake. Wenye hatari kubwa zaidi ni walioanzishiwa dozi kubwa, wenye figo dhaifu, wanaotumia dawa za kukojoza maji, na waliorithi jeni liitwalo HLA-B*58:01. Jeni hilo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya China, Thailand na Korea, na mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2020 ulipendekeza lipimwe kwa watu wa asili hizo na kwa Wamarekani weusi kabla ya kuanza dawa. Katika vituo vingi vya kwetu kipimo hicho si cha kawaida, kwa hiyo kinga iliyopo mikononi mwetu ni kuanza na dozi ndogo na kuichunguza ngozi.

Aliyewahi kupata mzio mkali wa alopurinoli asiimeze tena maisha yake yote. Jina la dawa liandikwe kwenye daftari la kliniki, tena kwa herufi kubwa, na mtu wa nyumbani alijue.

Ni kweli kwamba alopurinoli huharibu figo?

Figo ndizo zinazoitoa alopurinoli mwilini, kwa hiyo zikiwa dhaifu dawa hukaa muda mrefu zaidi na dozi huanza chini. Tahadhari hiyo imegeuzwa mitaani kuwa hukumu kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoua figo. Ukweli ni kwamba asidi ya yuriki isiyotibiwa huweza kutengeneza mawe kwenye figo, na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kwa ajili ya jongo lisilotibiwa huzidhoofisha zaidi. Ni mzio mkali uliotajwa hapo juu ndio unaoweza kuzishambulia figo moja kwa moja, na huo ni nadra.

Kolchisini inaniharisha. Niendelee nayo?

Kuharisha ni onyo. Kolchisini, ambayo asili yake ni mmea uitwao Colchicum autumnale, hufanya kazi katika nafasi nyembamba: kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru hakuna mwendo mrefu. Tumbo ndilo hulalamika la kwanza, kwa kuharisha, kutapika na kusokotwa.

Zamani wagonjwa waliambiwa wameze kidonge kila saa mpaka maumivu yaishe au waharishe, chochote kitakachotangulia. Utaratibu huo umepitwa na wakati, ingawa bado kuna wanaoufuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha dozi kubwa ya jumla ya miligramu 4.8 ndani ya saa sita na dozi ndogo ya miligramu 1.2 ikifuatiwa na 0.6 baada ya saa moja. Nafuu ilikaribiana, lakini walioharisha walikuwa takriban 77 kati ya 100 kwenye dozi kubwa na 23 kati ya 100 kwenye dozi ndogo. Kwa maneno mengine, mateso yale ya chooni hayakuwa yakinunua chochote.

Dozi iliyopitiliza ni jambo la kutisha kwa sababu huzuia uboho kutengeneza damu, hulegeza misuli na kuudhoofisha moyo, na haina dawa ya kuitengua iliyozoeleka hospitalini wala haiondolewi kwa mashine ya kusafisha damu. Ganzi, misuli kuuma au kukosa nguvu, homa au michubuko isiyo na sababu kwa mtu anayetumia kolchisini ni dalili za kumpeleka hospitali. Vidonge vifungiwe mbali na watoto.

Nina lawama moja hapa. Nimeletewa bahasha ndogo za karatasi, zile nyeupe za dukani, zimeandikwa 1x3 kwa kalamu na hakuna jina la dawa, na ndani yake mna kolchisini. Mgonjwa anameza moja mara tatu kwa siku, hajui anachomeza, na kidole kikipoa anaendelea mpaka bahasha iishe. Daima omba jina la dawa liandikwe, na uulize ni kwa siku ngapi.

Ni dawa gani zisichanganywe na dawa za jongo?

Nitataja zile ambazo mchanganyiko wake huleta hatari kubwa au hutokea mara nyingi.

Kolchisini haipatani na klarithromaisini. Dawa hiyo ya bakteria huzuia kolchisini kutoka mwilini, na dozi ya kawaida hugeuka sumu. Vifo vimetokea, hasa kwa wenye figo dhaifu. Itrakonazoli na ketokonazoli za fangasi hufanya vivyo hivyo, na ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za mstari wa pili wa kufubaza virusi vya UKIMWI, huifanya kazi hiyohiyo. Anayetumia dawa hizo na asitake kuzitaja mbele ya watu dukani aombe kuzungumza na mfamasia pembeni, kwa maana siri hiyo ikifichwa kwa anayempa kolchisini inaweza kumgharimu. Dawa za kushusha lehemu za jamii ya statini zikikutana na kolchisini huweza kuumiza misuli, ingawa watu wengi huzitumia pamoja chini ya uangalizi.

Alopurinoli na febuksostati zisikutanishwe na azathioprini wala merkaptopurini, zinazotumiwa na waliopandikizwa figo na wenye magonjwa fulani ya kinga au saratani ya damu. Uboho huweza kuzimwa kabisa. Alopurinoli pia huweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hivyo kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe. Na ikitumiwa pamoja na amoksisilini au ampisilini, upele hutokea kwa urahisi zaidi.

Tazama jinsi mambo haya yanavyoweza kukamatana. Mtu ana jongo, anameza diklofenaki miezi na miezi, tumbo linaanza kuwaka moto, anapimwa na kukutwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, na matibabu ya bakteria huyo mara nyingi huwa na klarithromaisini na amoksisilini kwa pamoja. Aliyemwandikia hakuambiwa kwamba nyumbani kuna kolchisini na alopurinoli. Hakuna aliyefanya kosa kubwa, ila dawa tano zimekutana ndani ya mtu mmoja.

Diklofenaki hunisaidia kuliko zote. Kwa nini daktari hataki niitumie?

Huenda hakukukataza siku tatu au tano za shambulio, bali mazoea. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na indomethasini hutuliza jongo vizuri, na kwa mtu mwenye afya njema ya tumbo, figo na moyo, kozi fupi haina ubaya mkubwa. Indomethasini huongeza adha ya kichwa kuuma na kizunguzungu, hasa kwa wazee.

Tatizo ni kwamba mwenye jongo mara nyingi si mtu wa ugonjwa mmoja. Ana presha, ana kisukari, au figo zimeanza kuchoka. Vidonge hivi hupandisha presha, huufanya mwili ushikilie maji na chumvi, na huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, diklofenaki ikiwa miongoni mwa zenye sifa mbaya zaidi kwa hilo. Hutoboa utando wa tumbo pia, na wakati mwingine bila maumivu ya kutangulia: dalili ya kwanza huwa choo cheusi chenye kung'aa kama lami, au kutapika kitu kama machicha ya kahawa. Hiyo ni damu, na ni safari ya hospitali mara moja. Sindano ya diklofenaki haikwepi tumbo kama wengi wanavyodhani, kwani madhara hutokana na dawa kufika kwenye damu, haijalishi imeingilia wapi.

Mkusanyiko unaostahili kuogopwa zaidi ni wa vitu vitatu kwa pamoja: dawa ya presha kama enalaprili au losartani, dawa ya kukojoza, na kidonge cha maumivu cha jamii hii. Kila moja hubadilisha kidogo namna damu inavyochujwa kwenye figo, na zote tatu, hasa kwa mtu aliyeharisha au asiyekunywa maji, zinaweza kuzisimamisha figo ndani ya siku chache. Ukiona mkojo umepungua na miguu imevimba, acha kidonge cha maumivu na ukapimwe.

Prednisoloni je?

Kwa siku 5 hadi 7, prednisoloni ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kutumia diklofenaki wala kolchisini. Maudhi yake ya muda mfupi ni kukosa usingizi, njaa, na hasira za ghafla zinazowashangaza watu wa nyumbani. Imeze asubuhi baada ya chakula. Mwenye kisukari apime sukari kila siku, maana hupanda hata kama hajabadilisha chakula, na mwenye presha apime presha. Ikitumiwa miezi mfululizo, mifupa hudhoofika, uso huvimba, ngozi huwa nyembamba, maambukizi huingia kwa urahisi, na tezi za juu ya figo husahau kazi yake, kiasi kwamba kuiacha ghafla huweza kumwangusha mtu.

Nimesikia febuksostati huua kwa moyo. Ni kweli?

Hofu hiyo ina chanzo. Utafiti uitwao CARES, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa wa jongo waliokuwa tayari na matatizo ya moyo, na ukaonyesha vifo zaidi vya moyo kwa waliotumia febuksostati kuliko waliotumia alopurinoli. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo zito liwekwe kwenye dawa hiyo. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Ulaya uitwao FAST haukuona tofauti hiyo. Kwa sasa busara iliyopo ni kuanza na alopurinoli, na kuitumia febuksostati pale alopurinoli inapokataa, kwa uangalifu zaidi ikiwa mgonjwa amewahi kuugua moyo au kiharusi. Maudhi yake mengine ni kichefuchefu, vimeng'enya vya ini kupanda, upele, na mashambulio ya mwanzo kama ya alopurinoli.

Na probenesidi na dawa za dripu?

Probenesidi huisukuma asidi itoke kwa mkojo, hivyo inahitaji figo zenye nguvu na maji ya kutosha, la sivyo asidi hugeuka mawe njiani. Peglotikase, dripu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, huwekwa hospitalini tu kwa sababu ya mzio mkali, na ni marufuku kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zitapasuka. Upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yenye historia ya malaria, ukiwemo mwambao wetu, kwa hiyo aliye ughaibuni akipendekezewa dripu hii ahakikishe amepimwa kwanza.

Je, dawa zangu nyingine zinaweza kuwa ndizo zinazoleta jongo?

Ndiyo. Hidroklorothiazidi na furosemidi, ambazo ni dawa za kukojoza, hupandisha asidi, na aspirini ya dozi ndogo ya moyo hufanya hivyo kidogo. Katika matibabu ya kifua kikuu, pirazinamidi huipandisha sana na ethambutoli nayo huchangia. Usiache hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe, hasa za kifua kikuu na aspirini ya moyo. Kwa presha kuna nafasi ya kubadilisha: losartani huishusha asidi kidogo, na daktari anaweza kuichagua kwa makusudi.

Vidonge vya asili vya viungo havina kemikali. Si salama zaidi?

Vinapotuliza jongo ndani ya saa chache, jiulize kwa nini. Mwaka 2022 FDA ilionya kuhusu Artri King, vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, ambazo hazikutajwa kwenye chupa. Mtumiaji alipata unafuu wa ajabu, akavimba uso, sukari ikapanda, na alipoacha ghafla mwili ulimsaliti. Ukipata dhara kutokana na dawa yoyote, ya hospitali au ya asili, mweleze mhudumu wa afya ili aripoti kwa mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni TMDA na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Ninafunga Ramadhani. Nizimeze vipi?

Alopurinoli hadi miligramu 300 humezwa mara moja kwa siku, hivyo inakaa vizuri baada ya futari, na glasi kubwa ya maji. Kolchisini ya kinga ya mara moja kwa siku nayo hupangika usiku; lakini ikikuharisha, mwili utapoteza maji ambayo hutaweza kuyarudisha mchana, na upungufu wa maji wenyewe huita shambulio. Vidonge vya jamii ya diklofenaki visimezwe kwenye tumbo tupu kabla ya kufuturu, na mwenye figo dhaifu anayefunga asiviguse kabisa. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu magharibi hadi daku, kwa sababu lita moja inayogugumiwa dakika za mwisho kabla ya alfajiri huishia kwenye mkojo kabla jua halijapanda.